Nani Atatutafuta Sisi Bariadi?

Ukirudi chuoni kutoka fildi kila mtu ana cha kujivunia. Wenzangu waliobaki Dar walikuwa kwenye mabenki na kampuni za simu, picha zao zote wamening'iniza vitambulisho shingoni. Mimi nilipangiwa Bariadi. Na ukitaja Bariadi hapa kampasi, maswali ni mawili: "Hivi kuna intaneti huko?" na "Kwa hiyo ulikuwa unashughulika na kompyuta au na pamba?" La kwanza jibu lake ni ndiyo, tena kuliko ya hosteli zetu. La pili ndilo limenifanya niandike, maana kwa wiki nane nilikuwa katikati ya vyote viwili.

Kwa wasiopajua, Bariadi ni makao makuu ya Simiyu, mkoa mchanga uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ukitoka Mwanza unafuata ziwa mpaka Lamadi, hapo unakata kulia, unaliacha ziwa nyuma yako na kuingia bara. Mwezi wa saba ardhi imeshakauka, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na kwenye maghala pamba imerundikwa hadi karibu na paa. Ofisi niliyopangiwa (jina naliacha, haikunikosea kitu) ilikuwa inatunza kumbukumbu za wakulima wa pamba: nani yuko AMCOS gani, analima ekari ngapi, alichukua mbegu na dawa ya wadudu kiasi gani kwa mkopo, amepeleka kilo ngapi, na namba gani ya simu itumiwe kumlipa. Msimu wa ununuzi ukishafunguliwa mwezi wa tano, foleni inaanza kabla karani hajafungua mlango. Shida ya wote ni moja. Mkulima anataja jina, karani analitafuta.

Hapo najua mtasema, si waweke tu kwenye Excel? Ngoja. Usukumani kila pacha ni Kulwa au Doto. Weka hapo akina Masanja, kisha fikiria kijiji kimoja chenye akina Kulwa Masanja sita. Halafu kuna herufi zenyewe. Ng'wandu, Ngwandu na Mwandu anaweza kuwa mtu mmoja huyo huyo, inategemea ni karani gani alishika kalamu mwaka ule. Mmoja anaweka ile alama ya ng' sawasawa, mwingine anabonyeza kitufe cha pembeni kinachotoa alama iliyolala kinyume, wa tatu haweki kabisa. Excel inakwambia hayupo. Mzee wa watu anarudi kijijini, nauli imekwenda, pesa haijatoka.

Ndiyo maana walikuwa na Elasticsearch. Ni programu ya kutafutia iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010 na Shay Banon, imejengwa juu ya maktaba ya kodi iitwayo Lucene, na kama umewahi kutafuta kitu Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, basi kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa inakutafutia. Uzuri wake inakubali majina yanayokaribiana. Ubaya wake, kwetu sisi, ni kwamba inakuja na vichambuzi vya lugha zaidi ya thelathini, Kifini kimo, Kikatalani kimo, Kiswahili hakimo. Unajitengenezea mwenyewe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, kuiambia kwamba alama zote za namna ile zihesabiwe kuwa kitu kimoja. Siku mbili, imekwisha, makarani wakaanza kuniita mwalimu. Fildi ingeishia hapo ningerudi na alama zangu na amani yangu.

Ila wakati nabadilisha mambo hayo nilikuwa nimeona kwenye faili la usanidi mistari miwili. Mmoja umeandikwa xpack.security.enabled: false, yaani ulinzi umezimwa. Mwingine unaruhusu seva isikilize anwani yoyote. Ilikuwa toleo la zamani, la saba, ambalo usipowasha ulinzi mwenyewe haujiwashi. Mtu wa kawaida atasema sawa, lakini si iko ndani ya ofisi? Ijumaa jioni, nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Somanda, nikazima Wi-Fi, nikawasha bando la simu, nikaandika anwani ya ofisi, nukta mbili, 9200.

Ikafunguka. Haikuuliza nywila wala jina. Majina kumi ya kwanza yakajipanga kwenye kioo cha simu: jina, kijiji, namba ya simu, kilo, deni. Nikafunga.

Nataka uelewe nilichokuwa nakiwaza usiku ule. Wote tumeshapokea zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii." Tunacheka kwa sababu tapeli anabahatisha, hajui unamdai nani wala unadaiwa na nani. Sasa mpe tapeli huyo jina kamili la mama wa Itilima, kijiji chake, kilo alizopeleka juzi na pesa anayoisubiri. Aandike: malipo yako ya kilo 412 yamekwama, thibitisha namba ya siri. Huyo mama atathibitisha. Hata wewe ungethibitisha.

Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa ofisi. Ni mtu mzima, mpole, wa "Mwangaluka" kila asubuhi kabla ya Kiswahili chochote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Kijana wangu, nani atatutafuta sisi Bariadi?"

Nikamwambia, mkuu, hakuna anayetutafuta sisi. Kuna programu zinazozunguka dunia nzima usiku na mchana zinagonga kila anwani, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayepita mtaani akijaribu kila komeo. Hazijui Bariadi ni nini. Nikamsimulia habari ya Julai 2020, wakati maelfu ya hifadhidata zilizoachwa wazi, nyingi zikiwa za Elasticsearch na MongoDB, zilipofutwa na programu iliyokuwa inaacha neno moja tu, "meow", mlio wa paka. Haikudai pesa wala kueleza sababu. Nikataja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Akasema sheria ni nyingi, msimu ni mmoja. Kwa upande wake alikuwa na hoja, maana foleni ilikuwa nje ya dirisha lake, si langu.

Nikamwomba simu yake. Siyo ya ofisi, yake. Nikamwelekeza aandike mwenyewe ile anwani, kisha alama ya kuuliza, kisha jina lake. Maana na yeye ni mkulima, ana shamba Itilima. Akasogeza simu mbali kidogo, kama wanavyofanya watu wa umri wake. Akasoma ekari zake. Akasoma deni lake la dawa. Akakaa kimya muda, kisha akauliza, "Na mtu wa Dodoma anaona hivihivi?" Nikamwambia hata wa Dubai. Akairudisha simu mfukoni. "Funga."

Mlango wa nje tuliufunga siku hiyo hiyo kwenye ruta. Ni dakika tano. Lakini kufunga mlango wa nje si kuilinda nyumba, na mashine yenyewe ilikuwa moja, imezeeka, ikifa katikati ya msimu imekufa na majina yote. Ndipo tukakubaliana nijenge klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Kila moja kwenye kundi inaitwa nodi.

Bajeti ilikuwa sifuri. Stoo ilikuwa na kompyuta mbili za mezani zenye memori ya GB 8 na laptopu moja ya GB 4 ambayo kibodi yake ilikuwa haina herufi M. Swali la kwanza la mkuu lilikuwa la maana: mbili nzuri zipo, ya nini hiyo ya tatu mbovu?

Wasomaji wa jarida hili mna bahati, jibu mnalijua. Akidi. Bunge letu la wanafunzi limeahirishwa mara ngapi kwa kukosa akidi? Nodi nazo zinachagua kiongozi kwa kura, na kiongozi hapatikani mpaka zaidi ya nusu ya wapiga kura wawepo. Ukiwa na wapiga kura wawili, zaidi ya nusu ni wote wawili, kwa hiyo mmoja akizimika mwenzake hawezi kujichagua na kazi inasimama. Na usidhani ni ukaidi wa bure. Matoleo ya zamani yaliacha idadi hiyo uiweke mwenyewe, na ukiiweka vibaya mtandao ukikatika katikati kila upande unajitangazia kiongozi, kila upande unaandika ya kwake, mkija kuunganishwa mna daftari mbili zinazopingana. Kwa pamba maana yake ni mtu mmoja kalipwa mara mbili na mwingine hajalipwa. Kuanzia toleo la saba programu inahesabu akidi yenyewe.

Laptopu nikaipa kazi inayoitwa voting_only: inapiga kura, haigombei, haitunzi data yoyote. Kama mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Kwa memori yake ile, hicho ndicho ilichoweza. Zile kubwa mbili zikatunza data, kila kipande kwenye moja na nakala yake kwenye nyingine. Kila moja nikaigawia programu nusu ya memori na kuacha nusu iliyobaki kwa mfumo wa kompyuta, maana Lucene inaitegemea sana hiyo nusu ya pili. Wengi huipa programu yote, wakidhani wanaisaidia.

Kuzipanga ndiko kulikonichosha. Ukiziweka zote chumba kimoja, umeme ukikatika zote zimekwenda. Nodi moja kubwa tukaiweka ofisini, ya pili tukaipeleka ghalani, kama mita mia nne hivi, tukaziunganisha kwa antena za redio juu ya mapaa. Laptopu ikabaki ofisini, kwa sababu moja ya kijinga kabisa: betri yake bado ilikuwa inakaa na chaji saa mbili. Ruta nayo tukaiwekea betri ndogo. Ghalani kulikuwa na adui ambaye hakuna kitabu chochote kilichonitajia, manyoya ya pamba. Wiki moja tu feni ilikuwa imevaa fulana. Mlinzi wa ghala akatushonea kifuniko cha chandarua, na kila Jumamosi anakikung'uta.

Ghalani pia kuna mzee wa mizani. Alitaka kujua lile boksi linafanya nini, nikamweleza habari ya kura na akidi, akanikatisha. "Kwa hiyo hamwamini mizani moja." Kisha akanipa historia ambayo sikuifundishwa darasani, jinsi miaka ya hamsini wakulima wa pamba wa Usukuma walivyochoshwa na mizani za wanunuzi, wakaanza kupima wenyewe, na ushirika ukatokea hapo, akina Paul Bomani, hadi mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa shirikisho la Victoria. Nimeingia kwenye vitabu baadaye, ni kweli. Kwa kifupi mzee alielewa akidi haraka kuliko nusu ya darasa letu la mifumo sambazwa, na mimi nikiwemo.

Sasa, ulinzi wenyewe. Kumbuka maneno kati ya nodi mbili yalikuwa yanapita hewani, juu ya barabara, juu ya vibanda vya chipsi. Poti 9200 ni ya watu wanaouliza, 9300 ni ya nodi zenyewe kusemezana, na hiyo ya pili ndiyo watu huisahau. Mtu akiweza kujifanya nodi hahitaji kuuliza kitu, anapewa nakala nzima kama ndugu. Kwa hiyo kila nodi lazima iwe na cheti, na cheti kitiwe saini na mamlaka moja ambayo zote zinaiamini. Toleo la nane, lililotoka Februari 2022, linawasha ulinzi lenyewe na linatoa tokeni ya kuikaribisha nodi mpya, lakini tokeni hiyo inaishi dakika thelathini. Mimi nikatengeneza mamlaka yetu wenyewe kwa elasticsearch-certutil, ili kila cheti kiwe na jina na anwani ya nodi yake na nodi zikague vyote viwili. Cheti cha ghalani nilikibeba mkononi kwenye flashi. Mita mia nne, jua la saa saba, na flashi nimeishika kama mtihani uliovuja.

Baada ya hapo ni watumiaji. Makarani wanasoma tu, hawafuti. Anayepokea kilo anaandika kilo, hagusi deni. Ile akaunti kuu iitwayo elastic nywila yake ikaandikwa kwenye karatasi, ikaingia kwenye bahasha, bahasha kwenye kasiki. Na mstari wa cluster.initial_master_nodes, ule wa kuanzishia kundi mara ya kwanza, niliufuta kundi liliposimama. Mnaojenga kwa kufuata video, angalieni hapo, wengi huuacha.

Aliyekuwa mgumu ni mtaalamu aliyeandika programu ya malipo, yuko Dar, alizoea kuingia moja kwa moja. Akanipigia. "Dogo, mbona umenifungia? Mimi nina kazi huku." Nikamweleza kwa heshima, kaka, utaingia kwa njia ya siri, utapewa jina na nywila yako na cheti cha mamlaka. Akasema programu yake haijui vyeti, kuibadilisha ni wiki mbili, na je wiki mbili hizo wakulima wale nini? Hilo swali lilinikaa. Ni rahisi kuwa mlinzi hodari wakati foleni si ya kwako. Tulibishana siku tatu. Mwishowe tukaiacha mashine ya zamani iendelee ndani, mlango wa nje umefungwa, yeye akipita kwenye njia ya siri, huku klasta ikijengwa pembeni. Kumbe wiki mbili zilikuwa siku sita. Tukahamisha data usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, hakuna mkulima aliyejua.

Wiki moja baada ya Nane Nane umeme ukakatika usiku. Asubuhi nafika nakuta klasta ni njano. Kijani maana yake kila kitu kipo na nakala yake, njano vipande vipo lakini nakala zimepungua, nyekundu kuna data haipatikani. Makarani walikuwa wanafanya kazi kama kawaida, nodi ya ofisini na laptopu zilitimiza akidi. Lakini ya ghalani ilikuwa imewaka, inapumua, na imekataa kujiunga. Kwenye kumbukumbu zake ilikuwa inalalamika kwamba vyeti vya wenzake bado havijaanza kutumika. Nikasoma mara tatu. Vyeti nimevitengeneza mwenyewe mwezi uliopita, havijaanza vipi?

Nikaangalia tarehe ya mashine. Ilikuwa inaamini ni Januari 2012. Ile betri ndogo ya saa kwenye ubao wa kompyuta ilikuwa imekufa zamani, na umeme ulipokatika ikasahau miaka yote. Kwake yeye mkoa wa Simiyu ulikuwa hata haujatangazwa, na hawa wanaojiita wenzake wanamletea vyeti vya 2024. Mimi kwa kweli niliiheshimu.

Mkuu akaja ghalani na mtaalamu wa Dar akiwa hewani kwenye spika. Mtaalamu akasema, "Zima ukaguzi wa vyeti, itajiunga sasa hivi, tutawasha baadaye." Mkuu akanigeukia. "Ni kweli itajiunga?" Nikasema ndiyo mkuu, itajiunga. Akatazama juu, kwenye antena. "Na mwingine yeyote?" Nikasema na mwingine yeyote atakayefika pale. Akauliza tukisubiri tunapoteza nini, nikamwambia kwa sasa hakuna, labda na ile ya ofisini ife kabla hatujamaliza. Akafikiri. Akatoa elfu tano mfukoni, akanituma kwa fundi saa sokoni.

Betri ilikuwa elfu mbili. Nilirekebisha tarehe, nikaziunganisha zote tatu zichukue saa kutoka sehemu moja, nikawasha. Ilichukua dakika kumi na moja nakala kujipanga, mzee wa mizani amesimama nyuma yangu anasubiri rangi ibadilike kama anasubiri matokeo ya mpira. Chenji nilirudisha.

Siku ya mwisho tulifanya makabidhiano kwenye karatasi. Mhasibu alisaini kupokea bahasha ya nywila, karani mkuu akasaini flashi yenye mamlaka ya vyeti, kila mmoja akijua kwamba peke yake hatoshi. Vyeti vile vinaishi miaka mitatu, ndiyo kawaida ya chombo kile usipokiambia vingine, kwa hiyo vitakufa vyote pamoja mwaka 2027, katikati ya msimu wa ununuzi. Nikaandika tarehe kwa kalamu nene kwenye ubavu wa kila kompyuta, na kwa lugha ya kawaida: kabla ya siku hii, tengenezeni vipya. Mkuu akasoma, akaniuliza wakati huo nitakuwa wapi. Nikamwambia nitakuwa nimemaliza chuo, Mungu akipenda. Akaniomba namba yangu ya simu. Nikaanza kumtajia, akanizuia, akampa karani karatasi. "Andika pembeni. Usimuingize humo."

Mwaka huu wa pamba umeanza. Karani alinitumia meseji juzi, akina Kulwa Masanja sasa ni saba.